Neno la Ukurasa wa Tisa

Kazi yangu ni kukamata makosa ya watu wengine. Kiwanda chetu cha chapa ni kidogo, kina mashine mbili na feni moja isiyozunguka mpaka uisukume kwa fimbo, na kila kinachochapwa hupita kwanza mezani kwangu: kadi za harusi, vitabu vya shule, matangazo ya misiba. Niliwahi kumwokoa bwana harusi aliyeandikwa "marehemu" kwenye kadi yake mwenyewe. Bosi, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa vioo vya madirisha, ndiye aliyenipachika jina la Nukta, akidai kwamba bila mimi hakuna sentensi inayokwisha pale inapostahili. Jina likaganda. Hata shangazi yangu nyumbani huniita hivyo akiwa na raha zake.

Ndiyo maana kosa la ukurasa wa tisa liliniuma mara mbili. Lilivunja ndoa yangu kabla haijafungwa, na lilikuwa kosa la kazini, la mkono wangu mwenyewe, la neno moja tu.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha baba. Watu humwita Maalim, kwa kuwa amewafundisha watoto dini miaka thelathini na mmoja katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na nusu ya watu wazima wa mtaani bado wakimwona njiani huficha mikono nyuma wakidhani atawakagua kucha. Kwa miaka miwili aliandika kwa mkono kitabu kidogo cha kurasa arobaini na nane, cha kuwaeleza watoto jinsi Mwenyezi Mungu alivyoumba mbingu na ardhi kwa siku sita, na jinsi alivyomfinyanga Adamu kwa udongo akampulizia roho. Somo la Adamu ndilo analolipenda kuliko yote. Nilipokuwa na miaka mitano alichota udongo kwenye chungu cha maua, akaulowesha, akafinyanga mtu mwenye kichwa kama kifungo cha shati, akaniwekea kiganjani na kuniambia nimpulizie. Nilipuliza hadi mashavu yakaniuma. Mtu hakuamka. Baba akacheka, akasema sasa nimeijua tofauti ya Muumba na sisi.

Alipomaliza kuandika hakutaka kukipeleka kiwanda kingine. Alitaka macho ya mwanawe yakipitie.

Na pale kiwandani alikuwapo Gundi. Yeye ndiye huzikunja karatasi zikitoka mashineni, akazishona kwa uzi na kuzitia jalada. Vidole vyake vina gundi iliyokauka isiyotoka hata kwa mafuta ya taa, na kila anachokikunja hukisoma, kiwe kitabu cha hesabu au orodha ya vipuri vya baiskeli. Ni Mbahai, yeye na wazazi wake wote wawili. Mwanzoni nilidhani Ubahai ni jina la ukoo. Mwaka mzima alinieleza kidogo kidogo wakati wa chai, akijibu maswali yangu nami nikijibu yake. Nikajua kwamba anamkubali Mtume wetu kuwa amekuja kwa haki, na kwamba anaamini baada yake amekuja mwingine. Hapo ndipo nilipopaswa kuvuta kiti changu nyuma. Nilikisogeza mbele.

Kiwandani tuna sheria moja ambayo Bosi ameibandika ukutani: kalamu nyekundu inaamuru, penseli inauliza. Ukiona wino mwekundu kwenye karatasi ya majaribio, badilisha bila maneno. Ukiona penseli, nenda kamuulize aliyeandika. Gundi hakuwa na ruhusa ya kalamu nyekundu, kwa hiyo alikuwa na penseli, na hiyo penseli ikawa barua zetu za mapenzi. Pembeni mwa kitabu cha kilimo aliniandikia: mbolea hii yafaa kwa moyo mkavu? Pembeni mwa tangazo la mbuzi aliyepotea: na aliyepotelewa na usingizi atangaze wapi? Nilikuwa nikizifuta kwa raba kabla Bosi hajaziona, huku nikicheka peke yangu kama chizi.

Katika ukurasa wa tisa baba alikuwa ameandika hivi: "Adamu ndiye wa kwanza kuumbwa miongoni mwa watu." Juu ya neno kuumbwa Gundi akaandika kwa penseli "kutumwa", na mbele yake akatia alama ya kuuliza. Kwa Wabahai Adamu ni nabii, wa kwanza tunayemjua, lakini si lazima awe mtu wa kwanza kukanyaga ardhi. Alitaka tuzungumze hilo wakati wa chai, kama kawaida yetu.

Lakini asubuhi hiyo hiyo alinisimamisha mlangoni kabla sijashusha hata mkoba begani, akaniambia wazazi wake wamekubali anioe. Dini yake haifungi ndoa mpaka wazazi wote walio hai, wa pande zote mbili, waridhie. Mama yangu alishatangulia mbele ya haki. Akapapasa mfuko wa shati, akasema sahihi mbili anazo hapo, imebaki moja tu, ya Maalim. Nilikwenda kukaa kwenye kompyuta nikiwa juu ya mawingu. Nikaona neno limeandikwa juu ya neno. Nikalibadilisha. Mimi, Nukta, sikuona kwamba ni penseli, wala sikuiona alama ya kuuliza.

Vikachapwa vitabu mia tatu. Na yule asomaye kila kitu, juma hilo hakusoma kitu. Alikuwa akikunja karatasi huku anapiga mluzi.

Alhamisi baba alibeba nakala ishirini za kwanza kwenda nazo nyumbani, amezikumbatia kifuani kama mtu aliyepewa mjukuu. Ijumaa, alipotoka msikitini, aliniita sebuleni akaniwekea kitabu mapajani kikiwa kimefunguliwa.

"Hapo," alisema. "Soma kwa sauti."

Nikasoma. Nilipolifikia neno lile niliweka kidole juu yake.

"Ni kosa langu, Baba."

"Mkono ni wako. Neno ni la nani?"

Nikamwambia. Sikuwa na la kuficha, kwa sababu juma lile lile Gundi alikuwa amepitisha kwa shangazi ujumbe kwamba anaomba kuja kuniposa, na shangazi, ambaye ni dada yake baba na ndiye aliyenilea pamoja naye, alikuwa bado anatafuta saa nzuri ya kuufikisha. Baba alinitazama, kisha akautazama mlango wa jikoni, ambako sufuria zilikuwa zimenyamaza ghafla. Alikuwa ameshaelewa yote mawili.

"Mwambie aje kesho alasiri," alisema. "Aje na posa yake, na aje na hilo neno lake."

Jumamosi hiyo niliamka nikafagia sebule mara tatu. Shangazi akaniuliza kama ninatafuta sindano. Naye alikuwa na lake la kusema kuhusu mchumba wangu tangu siku ya kwanza, kwamba ni mwanamume gani huyo anayetembea na vidole kama ametoka kumenya ndizi mbichi. Lakini vikombe alivyovitoa kabatini vilikuwa vile vya wageni, vyenye ukingo wa dhahabu, na nikajua roho yake iko wapi.

Gundi alikuja peke yake, kwa sababu wazazi wake wanaishi mbali. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na vidole vyake alikuwa amevisugua kwa jiwe hadi vikawa vyekundu. Akamwamkia baba shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaonyeshwa kiti. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo ningeweza kuziona nyuso zote mbili.

Kabla ya posa aliomba radhi. Alieleza ile sheria ya penseli, akasema neno lile lilikuwa swali kwangu mimi, na asingethubutu kulitia katika kinywa cha kitabu cha mtu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Nimekaa na neno lako siku mbili," alisema baba. "Nilitaka kulikasirikia. Lakini kila nikilitazama naona si la uongo. Adamu ni nabii, alitumwa, hata mimi nafundisha hivyo. Mtoto akilisoma hatapotea. Ila si langu, fundi. Na wewe hukuliandika kwa maana yangu. Nieleze yako."

Wakaanza na siku sita. Baba akasema wanazuoni hawakuzielewa kwa namna moja, wapo waliosema ni siku kama hizi zetu, na wapo waliokumbusha kwamba aya yenyewe inasema siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu ya hesabu yetu. Yeye hapigani na mtu kwa hilo. Gundi akasema kwao pia siku hizo si za jua kuchomoza na kutua, ni zama ndefu. Baba akatikisa kichwa kwa kukubali. Shangazi akaleta kikombe cha pili cha chai bila kuombwa, jambo ambalo hamfanyii hata imamu. Kwa robo saa nzima mimi nilikuwa nimeshaolewa. Nilikuwa nimeshachagua pazia.

Kisha Gundi akasema kwamba wao wanaamini uumbaji hauna mwanzo, kwa sababu Muumba hakuwahi kukaa bila alichokiumba. Baba akaweka kikombe chini. Akasema hapana, Mola alikuwapo wala hapakuwa na kitu pamoja naye, akaumba alipotaka, na hakupungukiwa na chochote kabla ya hapo.

"Wewe ukilala, fundi," aliongeza, "bado ni fundi. Hakuna anayekuvua ufundi kwa sababu mikono imetulia."

"Ni kweli, Maalim. Lakini mimi hulala. Yeye halali."

 Nilimwona baba anaing'ata midomo asitabasamu, kwa sababu hiyo ndiyo sifa ya Mola anayowakaririsha watoto kila Jumamosi. Alikuwa amempenda. Naapa alikuwa amempenda, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Na Adamu?" aliuliza.

Gundi akajibu kwa sauti ya chini, akipanga maneno kama anavyopanga kurasa. Akasema kisa cha Adamu wanakiheshimu na kukisoma kwa maana yake ya ndani: Adamu ni roho, Hawa ni nafsi yake, na yule nyoka ni kule kuipenda mno dunia. Baba akamkatiza kwa upole kwamba nyoka hayumo katika Msahafu, aliyewahadaa ni Ibilisi, na wote wawili walitubu wakasamehewa. Gundi akasema la msamaha analifurahia. Lakini baba alikuwa ameshaegemea mbele.

"Alikuwa na baba?"

"Nani, Maalim?"

"Adamu. Alikuwa na baba na mama?"

"Naamini walikuwapo watu kabla yake. Kwa hiyo huenda alikuwa nao."

"Sisi tunaitwa binadamu. Wana wa Adamu. Hao wa kabla yake waliitwaje?"

"Sijui, Maalim. Sikuwapo."

Jikoni shangazi alipaliwa na kicheko. Hata baba pua zilimcheza, lakini uso ukamrudi haraka, na uliporudi ulikuwa umechoka.

"Miaka thelathini na mmoja nimewafundisha watoto kwamba baba yetu wa kwanza hakuwa na baba," alisema. "Kwamba Mola alimfinyanga kwa udongo, akampulizia roho, malaika wakamsujudia. Ukiniondolea hilo, fundi, unaniachia hadithi nzuri."

"Hadithi nzuri yenye ukweli ndani yake."

"Kwako. Kwangu ni ukweli wenyewe."

Hakuna aliyepandisha sauti. Afadhali wangegombana, ningejua la kufanya. Ningelia, shangazi angemwaga chai, mtu angeomba radhi. Walinyamaza kama watu wawili waliosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Mwisho baba akanigeukia. Sijui aliona nini usoni mwangu, ila alipomrudia Gundi macho yalikuwa yamelowa.

"Huyu mama yake alimwacha ana miaka saba," alisema. "Nimemlea mimi na dada yangu, na sitaki kumwona analia. Nakufungulia mlango mmoja, sina mwingine. Itamke shahada hapa mbele yangu, na useme Adamu ndiye wa kwanza kuumbwa. Nikirudi kuswali magharibi natia sahihi karatasi yako."

Nikamtazama Gundi. Nitasema kweli, kwa kuwa hakuna faida ya kuficha tena: nilitaka adanganye. Nilimkazia macho kwa nguvu zangu zote, nikamsihi bila sauti, sema, sema tu, tutajuana mbele kwa mbele. Aliniona. Aliyaelewa macho yangu barabara, kwa sababu alishazoea kunisoma, na akayashusha ya kwake kwenye vidole vyake vyekundu.

"Maalim, shahada naweza kuitamka sasa hivi kwa moyo wangu wote. Mungu ni mmoja, na Muhammad ni Mtume wake. Hilo silikatai."

Shangazi akatokea mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi. 

"Lakini nikiitamka leo hapa," aliendelea, "wewe utasikia kwamba nimesema hakuna mwingine baada yake. Na mimi nitakuwa sijasema hivyo. Utatia sahihi kwa neno ulilolisikia wewe, wala si kwa nililolisema mimi. Tumeshaumizana kwa neno moja lenye maana mbili, Maalim. Siwezi kukuongezea la pili."

 Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga kana kwamba haikuambiwa kitu. Baba akaichukua karatasi ya ridhaa ambayo Gundi alikuwa ameiweka mezani, akaikunja pale pale palipokuwa na mkunjo wake, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Umeniheshimu," alisema. "Ungenidanganya, nisingejua. Lakini siku nitakayoulizwa nilimkabidhi nani mwanangu, nitajibu nini? Siwezi, fundi. Nisamehe."

Baba yangu hakuwahi kumwomba mtu msamaha mbele yangu. Gundi akainuka, akamshukuru kwa chai, akamshukuru shangazi kwa vikombe, akatoka. Nilimfuata mpaka nje ya geti, viatu sina.

"Ungesema tu," nilimwambia. "Neno moja. Nani angekupima moyo?"

"Wewe."

"Mimi ningekusamehe."

"Leo ungenisamehe. Baada ya miaka kumi nikikuambia nakupenda, ungejuaje kama nasema kwa maana yako au kwa maana yangu?"

Nilimwambia basi tuondoke. Ipo ofisi ya serikali, mashahidi wawili, dakika ishirini kazi imekwisha; Bosi angekuwa shahidi wa kwanza, angelia na kucheka kwa pamoja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema kwamba bila ridhaa ya baba yangu, yeye kwa dini yake atakuwa hajaoa.

Nilicheka, kile kicheko kibaya cha mtu aliyeelemewa. Kwangu, binti haozwi bila walii wake, msimamizi wake, na walii wangu ni baba. Kwake, hakuna ndoa bila mzazi kuridhia, na mzazi wangu ni baba huyo huyo. Alasiri nzima walikuwa wamepishana juu ya mwanzo wa dunia, na jambo walilokubaliana bila hata kulizungumza lilikuwa hili la kunikata mimi.

"Kwa hiyo unamtii baba yangu kuliko unavyonipenda," nilisema. Nilijua namwonea. Nililisema hivyo hivyo ili limchome.

Lilimchoma. Aliinua mkono, akaishika ncha ya mtandio wangu, akaitazama kama fundi anayetazama kitambaa cha jalada, akaiachia.  Nilimwangalia akiondoka kwa ile barabara ya vumbi, akipita karibu na duka la mshonaji, mgongo umenyooka, shati jeupe, mpaka akapinda kona ya fundi viatu. Hakugeuka nyuma hata mara moja, na mimi nilibaki nimesimama kwa kuwa sikujua mtu akitoka hapo anakwenda wapi.

Nilipoingia ndani, baba alikuwa ameshakwenda kutia udhu. Shangazi, yule wa ndizi mbichi, alikuwa amekaa kwenye kibao cha jikoni analia ndani ya kitambaa cha vyombo.

"Mjinga huyu," alisema. "Angedanganya tu kama wenzake."

Jumatatu vitabu vyote mia tatu vilikuwa mezani kiwandani, vikiwamo vile ishirini vilivyorudishwa kutoka nyumbani. Baba alitaka neno lake lirudi. Bosi alijitolea kuichapa upya karatasi nzima, lakini Gundi akasema hakuna haja ya kufumua mshono wa vitabu mia tatu kwa neno moja. Kitakatwa kipande kidogo cha karatasi chenye neno sahihi, kibandikwe juu ya lile la makosa. Akaomba aifanye kazi hiyo mwenyewe.

Kwa hiyo nililipanga neno kuumbwa mara mia tatu, herufi zile zile, ukubwa ule ule. Nikalichapa, nikalikata kwa wembe, moja moja. Tukakaa benchi moja tangu asubuhi, mimi nakata, yeye anabandika. Alikuwa akichukua kipande kwa ncha ya kisu, anakipaka gundi, anakilaza juu ya neno lake, anakisugua kwa kile kipande cha mfupa anachokunjia karatasi, kisha anakipuliza ili kikauke. Anakipuliza mara moja, taratibu. Bosi aliisukuma feni kwa fimbo, akaona inatupeperushia vipande, akaizima. Joto likatupata vizuri. Bosi hakusema neno siku nzima, na yeyote anayemjua Bosi ajue maana yake.

Kipande kimoja kilipeperuka kikaangukia mkononi mwangu, karibu na kifundo. Gundi alikichukua kwa ncha ya kisu bila kunigusa.

Mchana uliinama, jua likahama kutoka kwenye meza yangu likaenda kwenye meza yake. Kilipobaki kitabu kimoja aliniambia amepata kazi katika kiwanda cha mji mwingine na Jumatano anaondoka. Nilimwambia asiniandikie. Akaitikia kwa kichwa. Alipomaliza kupuliza kile cha mwisho alikifunga kitabu, akasimama, akachomoa penseli nyuma ya sikio akaitia katika kopo la kalamu juu ya meza yangu. Halafu akanawa mikono bombani, kwa muda mrefu, kana kwamba siku hiyo gundi ingekubali kutoka.

Alipokwenda, nilibaki. Bosi aliniachia ufunguo bila kuuliza.

Nilikuwa na hakika yangu. Mwanamume aliyeniandikia mapenzi pembeni mwa tangazo la mbuzi hawezi kuondoka hivi hivi. Ameniachia kimoja, nilijiambia, katika mia tatu atakuwa ameniachia kimoja kilichobandikwa upande mmoja tu, ili nikikiinua kwa ukucha nilikute neno lake chini, na alama yake ya kuuliza aliyoitia kwa penseli. Nikaanza. Kila kitabu nilikifungua ukurasa wa tisa, nikajaribu pembe zote nne za kile kipande. Nilimaliza safu ya kwanza, nikaingia ya pili. Ukucha uliuma, nikabadilisha kidole. Nilikuwa naongea naye kwa sauti, namwambia nimekujua, kiko wapi, usinichezee.

Hakikuwapo. Vyote mia tatu vilikuwa vimeshika, pembe zote, kana kwamba karatasi ilizaliwa hivyo. Hakumdanganya baba yangu sebuleni, na hakumdanganya kwa gundi. Hapo ndipo nililia, kichwa juu ya vitabu vya watoto, kilio ambacho sikukilia getini.

Baba alikuja kuvichukua Alhamisi. Akakiokota kimoja, akakilaza kiganjani bila kukifungua, na kitabu kikajifungua chenyewe kwenye ukurasa wa tisa, kwa sababu ule unene mdogo wa kipande ulikifanya kisikae vizuri. Akakirudisha, akachukua kingine. Nacho hivyo hivyo. Alipapasa neno lake kwa kidole gumba, taratibu, akaniangalia.

"Vyote?" aliuliza.

"Vyote, Baba."

 Vitabu sasa viko mikononi mwa watoto. Kila Jumamosi asubuhi, nikiwa jikoni na shangazi, namsikia baba chumba cha mbele akiwaambia wafungue ukurasa wa kwanza, na kila Jumamosi vitabu vinawafungukia wa tisa. Nasikia karatasi zikirudishwa nyuma, moja baada ya nyingine. Baba huwangoja. Hawakemei.